Maji Iko

Nilipoenda kuangalia nyumba ya chumba kimoja cha kulala huko Kimumu, nilimuuliza keateka anayesimamia jengo swali moja tu: "Maji iko?"

"Iko," akasema.

Nilikuwa nimechoka kuzunguka nikitafuta, kwa hivyo nikahamia wikendi hiyo hiyo. Kumbe maji yalikuwa kwenye tangi pale chini, na mimi niko ghorofa ya nne. Nilipomwendea nikiwa nimewaka, alinishangaa. "Lakini si iko, madam?"

Mwaka mzima nimepandisha mitungi kwenye ngazi hizo nikimlaani. Jana nilikuwa nimetua mtungi ghorofa ya tatu, nikihema, msichana aliyekuja kuangalia nyumba ya jirani yangu aliyehama akaniuliza kama maji iko.

Sikuwa na pumzi ya kueleza.

"Iko," nikamwambia.