Kura Ambayo Baba Hakuiona

Mwaka ule tulipokaribia uhuru nilikuwa darasa la mwisho la shule ya msingi, huku Msambweni. Nilikuwa mwenye haya, na bado niko hivyo. Mwalimu akiuliza swali, nilitazama vidole vya miguu yangu. Lakini nikirudi nyumbani nilimkuta mama uani akisuka makuti, nami nikamweleza yote niliyosoma, taratibu. Alinisikiliza kama anayesikiliza habari za jirani.

Siku moja nilimweleza habari za Wagiriki wa kale. Katika mji wao wa Athene hawakumtuma mtu akawasemee. Walikutana wenyewe kilimani, mkulima na mwashi na baharia, wakaamua mambo ya vita na ya amani kwa kunyoosha mikono. Hata kazi nyingi za mji waligawana kwa bahati nasibu.

"Na wanawake walikaa upande gani?" mama akauliza.

"Hawakuwemo, mama. Wala watumwa, wala wageni."

Mama akavuta ukuti mwingine. "Basi hilo ni baraza la wanaume tu. Mbona hata hapa tunalo!"

Baba alikuwa karibu, akikaza mpini wa jembe. Alicheka. Akasema zama zetu haziwezi kwenda hivyo, kwani sisi ni wengi mno. Mtu wa Taru na mtu wa Vanga watakutana kilima gani? Ndiyo maana tunamchagua mmoja akatusemee Nairobi. Kisha akaongeza, kama jambo dogo, "Siku ya kura nitakwenda mimi. Nikienda mimi, imekwenda nyumba nzima."

Mikono ya mama ikasimama. Alikuwa amekwisha kuandikishwa pamoja na wanawake wenzake wa kisimani, na kadi yake ya kura ameifunga katika pindo la leso. Ndiyo karatasi ya kwanza maishani mwake iliyoandikwa jina lake.

"Bwana," akasema, "si umesema mtu wa kukusemea huchaguliwa?"

"Ndiyo."

"Mimi nilikuchagua lini? Si baba yangu ndiye aliyenipa wewe, nami nimefunikwa leso mbili, hata uso wako sijauona?"

Baba akanigeukia mimi. "Wewe na Wagiriki wako!"

Nikatazama vidole vyangu.

Baba hakusema ndiyo wala la, na mama hakuuliza tena. Niliogopa kwamba kadi ile itabaki pindoni mpaka iliwe na mende.

Asubuhi ya kura mama alichemsha mihogo mapema, akavaa buibui, akaketi mlangoni. Baba akatoka na kanzu yake, akampita bila neno. Alipofika njiani akasimama. Hakugeuka.

"Unangoja nini? Jua litatukuta kwenye foleni."

Mama aliinuka upesi hata akasahau viatu, ikabidi nimkimbizie.

Kura ilipigiwa shuleni kwetu. Mimi sikuwa nimetimiza umri, nikangoja nje ya ua. Mama alitoka akiwa ameushika mtandio mdomoni, anaficha kicheko.

Tulipokuwa tukirudi, baba akaanza. "Umempa nani?"

"Siri."

"Mimi ni mumeo!"

"Hata ungekuwa kadhi. Lile pazia wamelitundika la nini?"

Baba akatangulia hatua chache. Kisha akaniita kando yake. "Hebu nikumbushe. Wale Wagiriki walinyoosha mikono, kila mtu akaona?"

"Ndiyo, baba."

"Wallahi, walikuwa watu wenye akili sana wale."

Mama alicheka hata akashikilia mnazi. "Huko ningenyoosha mkono gani, Bwana, na mimi nimeachwa jikoni?"

Baba naye akacheka, ingawa hakutaka.

Aliuliza tena siku ya Idi. Akauliza tena korosho zilipoiva. Hata jana usiku, baada ya miaka hii yote, tukila, akauliza kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu aombaye chumvi. Mama akamwongezea mchuzi.