Kichwa cha Mbenga

Kichwa cha mbenga nilikibeba mimi, ndani ya beseni la bluu lililofunikwa majani ya migomba. Tangu siku ile sijavua tena, na nikiulizwa sababu nasema ni mgongo. Uongo mwingine mdogo juu ya ule mkubwa.

Aliyemkamata samaki yule ni jirani yangu, fundi umeme wa mgodini. Babu yake aliletwa kutoka jimbo jirani la Kasai kuchimba shaba. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa Katanga, mjini Kolwezi, akabatizwa Kolwezi, na baba yake akazikwa hapo hapo. Mimi nilikuwa karani wa stoo katika mgodi huohuo, mtoto wa watu wa kaskazini mwa Katanga. Alinizidi umri, nikamwita yaya, kama kaka mkubwa anavyoitwa kwetu. Jumapili baada ya misa tulipanda baiskeli mpaka mto Lualaba, chini ya makorongo ya Nzilo, na huko ndiko alikonifundisha samaki.

Mwanzoni kila samaki mwenye meno nilimwita mbenga. Yaya alicheka mpaka akatoa machozi.

"Mudogo, ile ni manda tu. Mbenga njo mukubwa yake, na haonekanaka ovyo. Mbele ya kuita jina, hesabu magamba."

Basi tulihesabu, kidole kikifuata ule mstari wa ubavuni: manda hafiki hamsini, mbenga anapita. Lile pezi dogo karibu na mkia, kwa manda ni jeusi, kwa mbenga ni la kijivu. Mistari ya manda imekolea, ya mbenga imefifia. Meno hayasaidii kitu, wote wawili wanayo, na yanatokeza nje hata mdomo ukifungwa. Miaka sita tulivua manda. Nikaanza kuamini kwamba mbenga ni hadithi ya walevi.

Kisha mgodi ukaporomoka, kazi ikakatika, na vijana wakaanza kupita mitaani na matawi mabichi, wakiwaambia watu wa Kasai warudi kwao. Kwao wapi, hawakusema. Familia nzima zililala kituo cha treni zikingoja mabehewa. Katikati ya balaa hilo, asubuhi moja tulipotorokea mtoni ili tupumue kidogo, yaya akamkamata mbenga. Alihesabu magamba mara tatu, mara ya tatu akilia.

Desturi ya huko ni kwamba kichwa cha samaki wa namna ile hupelekwa kwa chifu wa ardhi. Chifu akikila, aliyevua amekuwa mtu wake, na hakuna wa kumgusa. Yaya hakuweza kupita kwenye vizuizi vya vijana. Mimi, mtu wa Katanga, niliweza.

"Mwambie ni mi nilikamata," akaniambia. "Mwambie kaburi ya baba yangu iko hapa. Akikula, tutabakia."

Mke wake alikuwa ameanza kufunga vyombo. Aliposikia hivyo akaacha kufunga.

Uani kwa chifu niliwakuta baadhi ya vijana walewale, wameketi kwenye benchi. Chifu akafunua majani, akanitazama kwa mashaka, maana watu walizoea kumletea manda wakidai ni mbenga.

"Unajua namna gani ni mbenga?"

Nikaeleza yote: magamba, pezi, mistari. Nilieleza vizuri. Naona haya kusema kwamba niliifurahia sauti yangu. Vijana wakageuka kunisikiliza.

"Huyu anajua," chifu akasema. "Na ni nani alimukamata?"

Jina la yaya lilikuwa mdomoni. Nikawatazama wale wa kwenye benchi.

"Ni mi, tata."

Woga, ndiyo. Ningependa uwe woga peke yake. Lakini walikuwa wameshaanza kunitazama kama mvuvi hodari, na utamu wake nilikwisha kuuonja. Chifu akakipokea kichwa, akanipaka udongo mweupe wa baraka kwenye paji la uso. Njiani niliufuta kwa mate.

Sikwenda kwa yaya siku ile, wala kesho yake. Vijana walikwenda. Hapakuwa na neno la chifu la kuwazuia, kwa hiyo walimtoa yeye na watu wake bila shida yoyote. Siku ya nne nilimkuta kituoni, amekaa juu ya godoro lililokunjwa.

"Mudogo. Chef alisema nini?"

"Alikatala, yaya. Hata kukula hakukula."

"Haina neno. We ulijaribu. Bengine hata kujaribu habakujaribu."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akamwita mke wake aliyekuwa akipika pembeni ya reli, akamwambia aje anishukuru. Mama yule akaepua sufuria, akafuta mikono kwenye kitenge, akaja, akapiga goti, akanishukuru.