Kengele Ndani ya Sikio la Kulia

Katika sikio la kulia la Maalim Abdiwali walipita ngamia.

Hawakuonekana, walisikika tu. Walikwenda mwendo wa pole, na shingoni mwa yule wa mbele ilining'inia koor, kengele ya mti ambayo wafugaji huichonga wenyewe. Ilikuwa ikigonga tok, tok, tok, kama ilivyogonga zamani karibu na mji mdogo wa Diff, alipokuwa mtoto wa miaka sita amelazwa juu ya mikeka iliyofungwa mgongoni mwa ngamia, akisinzia huku familia ikihama. Sasa alikuwa na miaka sitini na minne, anaishi Garissa katika nyumba ya mawe yenye mwarobaini uani, na ngamia wale walikuwa wamekuja kumtafuta. Walipoanza kupita, sauti nyingine za upande ule ziliwapisha njia moja moja. Kwanza ndege wa asubuhi, kisha pikipiki za barabarani, kisha mkewe Ramlo.

Daktari alimulika ndani ya sikio kwa taa ndogo, akamwambia mambo mawili. La kulia limekufa. La kushoto linazeeka, alitunze. Kuhusu kengele akasema si ajabu, sikio lisilopata sauti hujitengenezea yake. Maalim alishukuru, akaweka shali yake vizuri begani, akatoka nje ambako Ramlo alikuwa akingoja kivulini.

"Hili," alimwambia, "libaki chini ya bati letu."

Ramlo hakuuliza sababu. Aliijua.

Maalim hakuuonea haya ugonjwa. Ugonjwa ni wa Mungu, huingia nyumba yoyote anayotaka. Alichokiogopa ni jina. Wasomali hawamwachi mtu na jina alilopewa na babake peke yake. Akina Abdi na Mohamed ni wengi mno, kwa hiyo mtu huongezewa jina kwa kile kinachoonekana mwilini mwake. Anayetumia mkono wa kushoto ni Gurey, anayechechemea ni Lugey, asiyesikia ni Dhegoole. Huitwa hivyo usoni pake, bila ubaya, naye huitika. Ila jina hilo haliondoki na mwenyewe akifa. Watoto hulibeba, wajukuu huzaliwa wakalikuta. Nyumba ya Maalim, tangu enzi ya babu yake, iliitwa Reer Maalim, watu wa Maalim. Kwa vizazi vitatu haikukosa mtu mwenye Kurani yote kifuani. Mabinti wa nyumba ile waliposwa kwa jina hilo kabla mposaji hajauliza wanafananaje. Leo ndiyo iitwe Reer Dhegoole, watu wa kiziwi?

Basi aliificha hali yake, tena kwa ustadi. Katika duksi yake, ile shule ya Kurani uani, aliwaita watoto mmoja mmoja wakae kushotoni pake, magoti yakigusana, naye alisoma midomo yao na ubao wa mti walioushika. Herufi ikikosewa, aliiona mdomoni kabla haijatoka. Binti yake Fowsiya, aliye Nairobi, alimtumia kifaa kidogo cha kutia sikioni. Maalim alikijaribu siku moja. Sauti za watoto arobaini zilimwangukia kama mvua ya mawe juu ya mabati, na juu yake kifaa kikapiga mluzi. Akakirudisha ndani ya boksi la tende, kikakaa humo.

Penye hatari hasa palikuwa kwenye subac.

Kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri, wanaume kumi waliohifadhi Kurani hukaa duara juu ya mkeka katika ua wa msikiti. Mmoja husoma aya moja kwa moyo, wa kuliani pake husoma inayofuata, na kwa namna hiyo sura huzunguka kutoka kifua hadi kifua, hakuna anayeshika msahafu. Anayefikiwa na zamu husoma papo hapo. Akikwama, jirani humtajia neno la mwanzo. Kutajiwa ni jambo dogo kwa kijana, lakini kwa maalim mwenye ndevu nyeupe ni kama kuvuliwa kilemba.

Kwa kuwa zamu huenda kulia, anayemtangulia Maalim hukaa kushotoni pake, upande wa sikio lililobaki. Mahali hapo palikuwa pa Khalif Lugey, aliyevunjika mguu ujanani alipokanyagwa na ngamia dume huko Liboi. Khalif alikuwa na sauti nene. Maalim alifumba macho, akaingoja sauti hiyo ikome, akaipokea aya kama mtu apokeaye kikombe gizani. Zilikuwa saa zake tamu kuliko zote. Sura ilizunguka, kengele ya mti ilikwenda nayo sambamba, naye hakujua tena kama yuko msikitini Garissa au juu ya mikeka ile, akihamishwa.

Alhamisi moja akaja mgeni kutoka Mandera, sheikh mpole mwenye sauti ya chini, na kwa heshima akaketishwa kati ya Khalif na Maalim.

Sheikh yule alisoma ameinamisha kichwa, ncha ya kilemba chake ikifunika mdomo. Maalim alifumbua macho, akatazama. Hakuona mdomo. Akangoja. Akadhani mgeni bado anasoma. Kengele ikagonga, tok, tok, na mkeka wote ukawa unamtazama yeye. Ndipo Aweys, jirani yake wa kulia, akamwinamia na kumtajia neno la mwanzo la aya yake, kwenye lile sikio lililokufa. Maalim aliona tu ndevu za Aweys zikicheza. Akasoma kwa haraka, akasoma ile ile aya ambayo mgeni alikuwa ametoka kuisoma.

Hakuna aliyecheka. Aweys aliirekebisha zamu, sura ikaendelea. Lakini wanaume walitazamana.

Haikupita wiki, Ramlo akarudi kutoka soko la maziwa na uso uliofungwa. Alikaa kushotoni pa mumewe, akasema polepole ili kila neno lifike.

"Maka muuza maziwa amewatoa watoto wake duksi."

"Kwa nini?"

"Wanasema Maalim amesahau Kurani."

Mtu anaweza kupoteza ngamia, akapoteza macho, watu wakamwonea huruma. Lakini aliyepewa Kurani akaiacha imtoke, watu huuliza alifanya nini.

"Mimi nimesahau?"

"Najua hujasahau. Usiku mzima unaisoma usingizini, silali mimi. Lakini niwaambie nini? Nikisema husikii, umenikataza. Nikinyamaza, umesahau." Akamimina chai. "Alhamisi hii kaa nyumbani. Nitasema magoti yanakuuma."

"Magoti yangu hayana neno."

"Haya. Basi chagua wewe, Reer Maalim wakose nini, sikio au Kurani."

Alasiri ile Khalif Lugey aliingia uani, fimbo mbele, mguu nyuma. Alipita kuliani pa Maalim, akazunguka, akaja kukaa kushotoni bila kuambiwa.

"Warya, Maalim. Nipe chai, koo linaniuma."

"Una mafua?"

"Sina mafua. Mwaka mzima nasoma subac kama mtu anayeita ngamia ng'ambo ya mto. Mke wangu ameniuliza, Khalif, siku hizi Mungu yuko mbali?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Unadhani nilikuwa nampigia nani kelele?"

Maalim alimtazama mdomoni, akahakikisha ameona sawasawa. Shali ilimteleza begani, asiiokote.

"Ulijua."

"Nilijua. Nikasema, mwenyewe akitaka ataniambia. Sasa wanasema umesahau, na mimi nimenyamaza kama mjinga kwa ajili ya siri ambayo hukunipa."

"Wataniita Dhegoole, Khalif."

"Watakuita. Mimi nani?"

"Khalif."

"Khalif nani?"

Kwa miaka arobaini Maalim alikuwa amemwita Lugey bila kulifikiria jina hilo.

"Mwaka wa kwanza nilijificha," Khalif alisema. "Nilikuwa nakaa chini kabla watu hawajaja, naondoka baada yao. Nilichoka, wallahi. Siku nilipoitika mara ya kwanza nililala usingizi kama mtoto. Na wajukuu wangu wanaitwa Reer Lugey na wote wanakimbia kama swala. Kuna aliyekataa kuoana nao?"

"Wewe si maalim."

"Ndiyo. Kwa hiyo jina lako litakuwa refu kuliko langu. Mimina chai."

Alhamisi Maalim alivaa kanzu nyeupe. Ramlo alimtolea kilemba, hakumuuliza magoti. Njiani jua lilikuwa limeanza kuwa la dhahabu, vumbi limesimama hewani, na mji mzima ukapita mbele ya macho yake bila sauti, punda wa maji, wanawake wenye madumu ya maziwa, mdomo wa muuza miraa ukifunguka na kufumba. Aliupenda mji ule wakati ule kama mtu anavyopapenda mahali anapopaota. Alijua kwamba akirudi nyumbani jina la nyumba litakuwa jingine.

Duara lilikuwa tayari, na sheikh wa Mandera alikuwa bado yupo. Maalim hakuketi.

"Ndugu zangu," alisema, na hakujua kama anasema kwa sauti kubwa au ndogo. "Sikio langu la kulia limekufa, na hili la pili limechoka. Alhamisi iliyopita sikusahau aya. Sikusikia zamu. Kilichopungua ni sikio. Kurani iko."

Kisha akangoja. Hilo ndilo lililokuwa gumu, kwa sababu hakuweza kujua kama wamenyamaza au kama ni yeye tu. Alitazama midomo. Yote ilikuwa imefumba. Sheikh wa Mandera alikuwa ameshusha ncha ya kilemba chake chini ya kidevu, na macho yake yalikuwa yamelowa. Halafu mdomo wa Aweys ukafunguka, mabega yakamtikisika.

"Subhanallah! Na mimi nilikuwa nanong'ona kwenye kaburi!"

Hilo Maalim alilisoma waziwazi. Duara zima likacheka, naye akacheka, na kwenye midomo mitatu kwa pamoja akaliona neno aliloliogopa miaka miwili, likitoka jepesi kama salamu. Dhegoole.

Akaketi. Sheikh alisogea kumpisha Khalif arudi mahali pake. Khalif alinyoosha mguu wake mbovu, akaweka kidole juu ya goti la Maalim, akasema kwenye sikio la kushoto, "Nikikugusa ni zamu yako. Nami nitapumzisha koo."

Wakaanza Surat Yasin. Aya zilizunguka. Maalim alifumba macho. Hakuhitaji tena kuvizia midomo wala kuhesabu pumzi za watu. Alikuwa na ngamia wake tu, tok, tok, tok, na nyika pana ya kimya ambamo sura ilikuwa ikimjia kutoka mbali. Kidole kikagonga gotini. Aya ilikuwa kifuani, nzima, kama ilivyotiwa humo na babake, na sauti yake ikatoka. Alisoma, akakabidhi, akangoja, akaguswa tena. Kuna mahali katikati ambapo hakujua kinachogonga ni kidole au kengele, na haikumdhuru, kwa sababu zamu haikumpita hata mara moja.

Jumamosi Maka aliwarudisha watoto wake. Alisimama mlangoni, mtandio ukimfunika nusu ya uso kwa aibu, akamwita Ramlo.

"Abaayo, dada yangu, hapa si ndipo kwa Maalim Dhegoole?"

Ramlo alifika mlangoni. Alikuwa ameolewa katika Reer Maalim akiwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa amejiandaa kuumia siku atakapolisikia jina lile kwa sikio lake. Akalirudia moyoni, akilipima. Neno la zamani halikuwa limeondoka. Lilikuwa pale pale mbele, kama ngamia mwenye kengele, na lile jipya likilifuata nyuma.

"Ndipo," alisema. "Waingize. Waambie wakae upande wa kushoto."