Bahasha Saba Katika Sanduku Moja

Nikiri kwanza, ili msinicheke katikati: mimi ndiye yule mwanaume wa mtaa wa Saio aliyeisaidia tribinali kuvunja jiko la mke wake mwenyewe, na niliisaidia kwa maandishi, kwa mwandiko mzuri, bila mwanasheria. (Mwanasheria ni wa watu wasiosoma, mimi nilikuwa na kitabu cha taratibu za mahakama nilichonunua sokoni, kimekosa kurasa kumi na mbili tu.)

Jirani yetu, Mama Charlotte, alinishtaki kwamba ukuta wa jiko letu umeingia katika parseli yake, yaani kiwanja chake. Siku ya kufika mbele ya jaji nilikuwa na mashine za kushona za kutengeneza kule Nizi, basi nikaandika barua ya kuomba kesi isogezwe mbele.

«Papa Neema,» mke wangu akasema, «tribinali iko hapa tu, nyuma ya soko. Peleka na mukono.»

Nikamweleza kwa upole kwamba barua ya mkononi ni ya watu wasiojua utaratibu, nikabandika stempu, nikaitumbukiza katika sanduku la barua la zamani, lililo kwenye ukuta wa nyumba ambamo siku hizi wanauza simenti, nikaandika tarehe na saa katika daftari langu, nikaenda Nizi na amani ya msomi.

Niliporudi, ofisa wa tribinali alikuja akanisomea hukumu mbele ya majirani: sikufika, sikuandika, kwa hiyo Mama Charlotte ameshinda, jiko livunjwe. Mke wangu alitazama jiko, akanitazama mimi, akaingia kupika.

Kitabu changu (kurasa zilizobaki) kilisema hukumu ya namna hiyo hupingwa ndani ya siku kumi na tano. Nikapinga siku ya tatu (wenyewe wanaita opozisio), safari hii kwa mkono, na kesi ikafunguliwa upya. Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikasimama mbele ya watu wote nikadai heshima yangu irudishwe: barua niliandika, sanduku lifunguliwe, isomwe.

«Muzee,» jaji akasema, «opozisio yenu iliingia ndani ya siku zake. Hakuna mutu aliwaomba hiyo barua.»

«Mheshimiwa jaji, mimi ni mtu wa ushahidi.»

Kwa kuwa asubuhi ile tribinali ilikuwa inakuja Saio kupima ukuta, na sanduku liko njiani, jaji akakubali, nadhani kwa uchovu. Tukaenda, jaji, karani, Mama Charlotte, mke wangu, na nusu ya soko nyuma yetu. Muuza simenti akalifungua kwa nondo. Ndani mlikuwa na buibui na bahasha saba, na zote saba zilikuwa zangu, nilizozituma mimi: moja kwa meya kuhusu mtaro, mbili kwa chuo fulani Kinshasa, tatu kwa mdogo wangu anayekaa Kilo, ambaye nilikuwa nimemnunia miaka miwili kwa sababu hajibu, na ile ya tribinali.

«Jirani,» Mama Charlotte akasema, «kila siku unasema wakubwa wanakuogopa, njo maana hawajibu. Kumbe iko buibui tu.»

Karani akasoma kwa sauti. Ombi langu lilikuwa safi kabisa. Kisha ikaja aya ya pili, niliyoiongeza ili kuokoa muda wa tribinali: «Nimepima mwenyewe mara tatu, ukuta umepita mpaka kwa sentimita sitini na mbili.»

Jaji akamuuliza karani kama bado kuna haja ya kupima. Karani akarudisha mita yake ya kupimia mfukoni.

Sasa mke wangu anapikia chini ya turubai, na mvua ikinyesha ananiita, bila kelele, nikashike kona moja. Zile barua tatu za Kilo nilizipeleka mwenyewe kwa pikipiki. Mdogo wangu akazisoma zote mbele yangu, akazikunja, akaniuliza kama mdogo anavyomwita kaka yake mkubwa, «Yaya, si ungepiga simu?»

Nimebaki na kanuni moja ambayo haimo kitabuni (labda ilikuwa katika zile kurasa kumi na mbili): mke wangu akisema peleka na mukono, napeleka na mukono.