Kidonge cha Siku ya Hasira

Ng'ombe walipokula mahindi yangu kule Mvumi, yakiwa yameshabeba, nilikasirika, na hasira ile haikutoka. Wazee walisuluhisha, mwenye ng'ombe akalipa, tukapeana mikono. Lakini kila nikisikia kengele za mifugo, moyo ulinidunda mpaka masikioni. Mke wa yule mwenye ng'ombe, binti mdogo tu, hupita na maziwa asubuhi, ananiamkia, "Shikamoo bibi." Nilikuwa simwitikii. Jina lake nalijua, na la mama yake, maana mimi jina la mtu halinipotei. Marahaba ndiyo iliyonikwama.

Zahanati walishanipa vidonge vya presha. Nikawa navimeza siku za hasira tu. Siku niliyotulia niliona naharibu dawa bure.

Mara ya mwisho nilikwenda na mtani wangu, mzee mwenzangu. Nesi akanipima, akarudia.

"Bibi, ukikasirika mishipa inabana, moyo unasukuma damu kwa nguvu. Ukikaa na hasira miaka, moyo unachoka. Na kidonge ni kila siku, hata siku unayocheka."

Mtani akadakia, "Mwache afe, nesi. Msibani nitamwigiza mimi."

Kwetu mtani huvaa nguo za marehemu akamwiga mbele ya waombolezaji, na mfiwa haruhusiwi kununa. Basi huyu hakungoja. Akanivua kanga ya juu, akajitanda, akasimama katikati ya wagonjwa mkono kiunoni, akamfokea ng'ombe asiyekuwepo. Kisha akageuza shingo pembeni, midomo ameikaza, kama mtu aliyeamkiwa akajifanya hakusikia. Watu wakacheka. Nesi naye akacheka. Nilikuwa mimi kabisa.

"Nirudishie kanga yangu, mchawi wewe."

"Nimesharithi. Wewe endelea na mahindi yako."

Nilirudi nyumbani nimechoka, wala si miguu. Nilijiona maiti nimelazwa ndani, na mtani yuko nje na kanga yangu, anawaonyesha wajukuu shingo ile.

Asubuhi binti akapita. "Shikamoo bibi."

Nilikuwa na kikombe cha maji mkononi na kidonge mdomoni. Nikameza kwanza.

"Marahaba."

Akasimama, kama amesahau alikokuwa anakwenda. Huko nyuma kengele zikalia, na moyo ukadunda vilevile. Nikamwuliza kama maziwa yamebaki.