Chungu Kitupu Kando ya Mto Kochi

Nikisikia harufu ya nyasi zilizoungua zikilowa umande, miguu yangu inaanza kuwasha. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya njia ya mto Kochi mwishoni mwa kiangazi, huko nje ya Koboko, wakati wawindaji wameshachoma pori na mto umebaki vidimbwi tu, na wanawake wanaingia humo na vikapu kukamata kambare. Majivu, matope na samaki: changanya hayo umenirudisha pale. Na nikirudi pale nakasirika upya, kwa sababu ile ilikuwa njia nyepesi kuliko njia zote za dunia, na hakuna njia iliyonitesa kama ile. Haikuwa na kilima. Haikuwa na jiwe la kukukwaza. Ilipita chini ya miti, kivuli mwanzo hadi mwisho, kutoka boma hadi boma, imekanyagwa na nyayo za akina mama mpaka ikawa laini kama sakafu iliyosiribwa. Bata angeimaliza kabla ya chakula cha mchana. Sisi ilitula siku nzima.

Miaka ile ya sabini baba yangu alikuwa askari, dereva wa Land Rover kambini Arua. Askari wakati ule alikuwa mtu. Akiingia sokoni hata kuku wananyamaza. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikiokota kwake na kwa wenzake, maana darasani sikukaa sana, na mwenye kutaka kunisahihisha aje na kiti chake, nina mengi ya kusema. Sasa, kwetu mwanamke akiolewa anakuja na chungu cha mbegu alichopewa na mama yake. Anakiweka juu ya dari la jikoni, penye moshi, wadudu wasiingie, na mdomo wake anaufunga kwa majani na udongo. Mume anaweza kuwa na ng'ombe, na bunduki, na cheo begani, lakini mkono wake hauingii katika chungu hicho. Hata njaa ikipiga hodi. Baba alilijua hilo tangu akiwa mtoto. Lakini siku moja alikuja na marafiki zake wa kambini, wana chupa ya waragi na hawana cha kutafuna, na mama alikuwa mtoni. Akapanda darini, akavunja kile kifuniko cha udongo, akakaanga mbegu zote za simsim, ule ufuta wa kupanda, akazinyunyizia chumvi. Mama alirudi na kikapu cha kambare, harufu ya simsim ikampokea nje. Hakupiga kelele. Aliweka kikapu chini, akambeba mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya, akafuata mto kwenda kwao. Mimi niliachwa, kwa sababu mtoto aliyeacha ziwa ni wa boma la baba. Ndivyo walivyonieleza, kana kwamba wananipa zawadi.

Baba akasema hilo ni jambo dogo. Wanaume wakisema jambo dogo, shika kichwa. Akawasha Land Rover, akazunguka kwa barabara, akafika kwa wakwe zake na vumbi lake, akapiga honi nje ya ua. Babu, baba yake mama, alitoka na kanzu yake, akalitazama gari kutoka taa hadi matairi, akasema, "Gari tumeona. Mutu hatujaona." Akarudi ndani. Baba alirudi kwetu ameiva kwa hasira, anasema atadai ng'ombe wake wa mahari warudishwe, atafute mke mwingine Arua. Nilikuwa nyuma ya jiko nikisikia. Ng'ombe wakirudi, mama harudi tena, hilo hata mbuzi wa kwetu walilijua. Na mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kunguruma upande wa Kongo.

Bibi Kiden, mama yake baba, alikuwa mwembamba, mkavu, na sauti yake haikulingana na mwili. Alimwacha mwanawe aseme mpaka akaishiwa. Kisha akaingia jikoni kwa mama, akatoka na kile chungu kitupu, akakiweka mbele ya miguu yake. "Vua hiyo nguo ya serikali," akamwambia. "Kesho tunatembea. Mimi mbele, Poni katikati, wewe nyuma na chungu. Na mdomo wako iko na likizo." Poni ndiye mimi. Baba akacheka. Bibi hakucheka. Asubuhi tulipotoka, baba alikuwa nyuma yangu na shati la kiraia, chungu begani, na buti za jeshi miguuni, kwa sababu hakuwa na viatu vingine na aliona aibu kwenda peku.

Basi nikajua tutafika kabla jua halijawa kali. Kumbe! Boma la kwanza, Bibi akakata kushoto, akaketi. Akaomba maji. Akauliza habari za mtu mmoja mmoja wa nyumba ile, pamoja na kuku. Mimi nimesimama, mguu mmoja juu kama korongo. Mwishowe mwenye nyumba akauliza, kwa sauti ya chini kwa sababu askari hata akivua nguo anajulikana, "Na huyu wa chungu ana nini?" Bibi akasimulia yote. Dari, udongo, waragi, chumvi. Hakupunguza kitu, na chumvi aliiongeza. Wanawake wakamtazama baba, wakatazama chini, wakaogopa, halafu mmoja akashindwa, akapasuka kwa kicheko, na hapo wote wakaanguka. Mwenye nyumba akaingia ndani, akatoka na mbegu zake za simsim za kujaa kiganja, akazitia katika chungu begani kwa baba. Akasema, "Hizi si za kukaanga, mwanangu." Tukaondoka. Boma la pili, Bibi akakata kulia, akaketi, akaomba maji.

Jamani, nilichoka. Nilichoka na maji, nilichoka na kuku wa watu, nilichoka na hadithi ile ambayo ilikuwa inanenepa kila tulipoketi. "Bibi, twende!" nikamwambia. "Mama yuko mbele, hayuko hapa!" Akanijibu bila kugeuka, "Miguu inakuwasha? Osha mtoni." Nilidhani anaomba mbegu kama mwombaji, na niliona haya mpaka masikio yakawaka. Baba naye jasho linamtoka, buti zinamla, chungu kinazidi uzito boma kwa boma. Tukafika kwa mama mmoja msuka vikapu, mwenye ulimi unaojulikana mto mzima. Alimzunguka baba pole pole kama anayenunua ng'ombe. "Kumbe shingo yake ni ya kobe," akasema. "Ndiyo maana alifika darini haraka. Kiden, ni wewe ulimzaa huyu?" Bibi akajibu, "Ni mimi. Tumbo halina macho." Kisha, baada ya kicheko kupungua, akaongeza kwa sauti yake ya kweli: "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Hapo nilikosa mimi. Ndiyo maana natembea." Yule mama akaenda kuleta simsim, akatia kwa mikono miwili.

Mbele kidogo njia inakaribia barabara, penye daraja. Tulisikia lori linakuja, na lilikuwa la jeshi, na dereva alimjua baba. Akapunguza mwendo, akaita, "Eh, ndugu! Nani amekufanya hamali?" Baba akashusha chungu chini. Akapanda ule ukingo kwenda barabarani, akaweka mkono kwenye mlango wa lori. Bibi alisimama tu, mgongo wake kwetu, kama mti. Hakumwita. Nami nikaona kama mama yangu ndiye anapanda lori lile na kwenda zake pamoja na ng'ombe na kila kitu, na hasira ya siku nzima ikanipanda kichwani. Nikakikumbatia chungu, nikajaribu kukiinua. Kilipanda hadi magotini, kikayumba. Nikaita kwa sauti yote niliyokuwa nayo, "Basi nitabeba mimi! Wewe enda na rafiki zako mkale chumvi!" Dereva akapasuka kwa kicheko. Baba hakucheka. Akautoa mkono wake mlangoni, akashuka ule ukingo, akanisukuma kando. "Toa mikono, utakivunja," akasema. Akakiinua. Safari hii hakukiweka begani, alikiweka kichwani, kama mwanamke. Na buti alizivua, akazifunga kamba, akazitundika shingoni mwangu. Nilizibeba mpaka mwisho. Zilinuka.

Tulipofika jua lilikuwa limeshuka kwenye miti. Watu wa kwao mama walikuwa wamesimama nje wote, kwa sababu mto hupeleka habari haraka kuliko gari. Kila boma tulilokaa lilikuwa limetuma mtoto mbele mbio kuyasema yaliyosemwa. Mama alitoka na mdogo wangu mgongoni. Hakunisalimu hata mimi. Alileta ungo, akamwonyesha baba kwa kidevu, na baba akapiga magoti, akamimina. Nyeupe, nyeusi, za kahawia, zote zimechanganyika. Mama akazipitisha vidoleni muda mrefu. "Hizi za nani?" akauliza. Bibi akajibu, "Za mto." Mama akamtazama baba kwa mara ya kwanza. "Kwa msuka vikapu ulipita?" Baba akasema alipita. "Alikuambia nini?" Baba akatazama ardhi. "Kwamba nina shingo ya kobe." Mama akauma mdomo, akageuka upande, mabega yake yakaanza kutikisika, na mdogo wangu mgongoni akatikisika naye. Babu akaiweka sawa kofia yake. "Haya," akasema. "Leo mutu tumeona."

Mama alirudi nasi, na simsim ile ilipandwa. Ilitusumbua vibaya! Mbegu za maboma mengi haziivi pamoja. Hizi zinapasuka, zile bado mbichi, na mama alilalamika kuanzia mwanzo wa mavuno hadi mwisho, na mimi nilipenda kumsikia akilalamika. Mwaka wa sabini na tisa, tulipokimbia vita kwenda Zaire, chungu kilibaki darini. Tuliporudi hapakuwa na dari.

Sasa nasikia wameweka mishale ya rangi kwenye miti ya Kochi, na kibao kinachosema hapa ni matembezi mepesi ya wageni na familia. Mjukuu wangu alinipeleka nikaone. Nyumba zilizobaki zimejifunga kwa mabati. Vijana wanapita na nyuzi masikioni, saa mkononi inawahesabia hatua, wanakupita kama wewe ni kisiki, na wanasema wanapumzisha akili. Akili ipi? Huyo mjukuu wangu mwenyewe alichukua cherehani ya mke wake akamwazima rafiki yake, na haijarudi, na mke amekwenda kwao Omugo, na sasa mume anakaa kitandani anamtumia ujumbe wa simu wenye picha za mioyo. Nilipomwuliza atafanya nini, akasema, "Bibi, ni jambo dogo, nitakodi gari tumfuate." Nikashika kichwa.

Najua kwenda Omugo hakuna mto wa kufuata, na magoti yangu si yale. Lakini maboma yapo, na mabati yana milango, na mdomo wangu hauna likizo. Leo asubuhi nimemtuma mtu Arua sokoni akaninunulie chungu kikubwa, kitupu. Nimekiweka mlangoni pa chumba cha mjukuu wangu, mahali ambapo hawezi kutoka bila kukiruka, nami nimeketi hapa mbele yake na viatu vyangu miguuni. Akitoka, aamue mwenyewe: akiruke, au akibebe.