Bingwa wa Ghorofa ya Juu

Pale mjini Bochum, kwenye nyumba anakokaa Roswitha Terhorst, hakuna aibu kama kuwa wa kwanza kuwasha radieta, yale mabomba ya maji ya moto ya kupasha chumba joto, baridi ikianza. Watu wazima na pensheni zao wanatetemeka mwezi wa kumi mzima, ilimradi jirani asisikie maji yakipita kwenye bomba. Na kila mwaka anayeshindwa ni Roswitha. Miguu yake, iliyosimama maisha yote kwenye duka la mikate, haijui mashindano.

Bingwa ni Eckhard Kniepkamp, mstaafu wa posta, anayekaa juu yake. Huyo hawashi kabisa, hata Januari, na hachoki kuwatangazia watu.

"Bili imepanda tena, mama?" alimuuliza kwenye ngazi. "Itaachaje? Jua linazama saa kumi, watu wanajifungia ndani, halafu wanataka kukaa na vikaptula. Vaa sweta, jirani."

Roswitha akavaa sweta. Akavaa na la pili. Bili ikapanda vilevile, na safari hii haikuwa mzaha, maana binti yake Imke alishamwambia waziwazi, "Mama, ikipanda tena unahamia kwangu Kassel. Chumba kipo." Chumba kilikuwepo, ndiyo, pamoja na mkwe anayepuliza tarumbeta. Roswitha aliipenda nyumba yake, na wazo la kuiacha lilimnyima usingizi.

Krismasi akaenda Kassel kukiona hicho chumba. Kabla ya kuondoka, alizima radieta zote.

Aliporudi, hata mkoba hajautua, mlango ukagongwa. Alikuwa Kniepkamp, kavaa koti zito humohumo ndani, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Afadhali umerudi," alisema. "Radieta zako zimeharibika? Tangu uondoke sakafu yangu imekuwa barafu. Nalala na soksi tatu."

Roswitha alimtazama, kisha akatazama dari. Joto hupanda juu, na miaka yote hiyo lilikuwa likipanda kwa Kniepkamp. Kumbe bingwa alikuwa anakula vya bure na kumsimanga mpishi. Akautua mkoba.

"Hazijaharibika," alisema. "Nimezizima."

"Basi ziwashe, mama. Utaumwa bure."

"Vaa sweta, jirani," alisema, akafunga mlango taratibu.

Hakuwasha. Alikaa jikoni na blanketi na chai, mifupa ikimlaumu, amekaza roho kama mtoto aliyesusa chakula. Jioni ya pili akasikia juu kitu kinagonga, kinakoroma, kinapiga chafya: radieta ya Kniepkamp, imejaa hewa ya miaka, inaamshwa.

Roswitha akawasha yake, kidogo tu, na safari hii ikatosha. Kisha akampigia Imke simu.

"Kile chumba," alimwambia, "mpe mumeo aweke tarumbeta."